Dumu la Muhogo Limekataa Kutoa Maziwa ya Wakwe

Leo saa tano asubuhi nimepoteza lita ishirini za maziwa mgando. Hata tone halijamwagika.

Yamo ndani ya dumu.

Ni lile dumu la plastiki iliyotengenezwa kwa muhogo aliloniuzia Chacha wa vyombo, akisema kwamba likipasuka unalianika juani linajiziba lenyewe. Lilipata ufa kwenye bodaboda nikitoka Matongo, nikalianika nusu saa. Kweli, ufa umeziba.

Na mfuniko nao umegandana na dumu.

Sasa leo ndiyo wakwe wamekuja kujadili mahari ya binti yangu. Watu kumi na wanne, na mimi muuza maziwa sina hata kikombe kimoja cha kuwapa.

Nikachukua kisu, nikalikata pale juu, inchi tatu. Ila kwetu kila dumu likifunguliwa, maziwa hayamiminwi kabla mzee wa wageni hajayabariki. Akasimama, akabariki dakika kumi na tisa (nimehesabu), dumu likiwa palepale juani. Alipomaliza, nikainama kumimina.

Pameziba tena.

Mzee akalitazama dumu, akaniuliza taratibu, "Mama Rhobi, kama maziwa tu unatunyima, binti utatupa kweli?"

Wanawe wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sijacheka.

Nyie mnaosoma, chekeni, ila mwiteni Chacha hapa.

Chacha, linafunguliwaje? Wakwe wanaondoka saa kumi. Nataka jibu kabla ya saa nane, na usithubutu kuniambia nilianike.