Mablogu Niliyopeleka Wamaza

Musinicheke kabla sijamaliza, maana aibu yenyewe haijapona: miye ndiye ule kijana wa Kasongo aliyebomolesha nyumba ya mukwe wake kwa sababu ya kupenda kusoma. Ndiyo, kusoma. Wengine wanaharibikiwa na pombe, miye na mablogu.

Munanijua. Asubuhi, hata chai sijanywa, lazima nifungue telefone, nitafute reso (ndiyo mtandao), nione watu wangu wameandika nini. Kuna mama mumoja wa Goma anaandika juu ya mapishi, lakini kila mara katikati ya kupika sombe, majani ya mihogo, anaacha sufuria na kuanza kumusema bwana yake mvivu asiyeamka (ukitaka kujua chumvi inaingia wakati gani, lazima kwanza upite kwa ule bwana). Kuna mwalimu wa zamani wa Kisangani anaeleza pikipiki zote zilizomwangusha, moja moja, na tabia ya kila dereva. Na kuna Mukongo mwenzetu aliye Ubelgiji, analima mihogo kwenye baridi, kila mwaka inakufa, kila mwaka anaomba ushauri. Hizo siachi hata nikiwa mgonjwa.

Basi siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa Mwajuma, kule Wamaza, tulipanda pikipiki na baba mudogo Amisi, mushenga wangu. Mwajuma alikuwa amenionya: "Baba akikuuliza uko na nini, sema duka ya baba yako, basi, usiongeze." Sasa miye na mdomo wangu huu! Nilitaka mzee Ramazani aone kwamba binti yake anaolewa na mutu aliyefunguka macho, kwa hiyo alipouliza nikajibu, "Duka, baba. Lakini kitu ninachopenda sana ni mablogu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mabloku?"

"Ndiyo, baba." (Mzee ana pengo mbele, nikafikiri ni pengo linasema.)

Kumbe mwenzangu alisikia bloku kweli, zile tofali kubwa za sima (saruji). Na Wamaza watu wanajenga na udongo, mvua inakula ukuta kila mwaka, mutu mwenye bloku ni mutu mukubwa.

"Zinatoka wapi?"

"Zingine Goma, zingine Kisangani. Moja inatoka Ubelgiji."

"Ubelgiji!" Akamwangalia bibi yake. "Na zinafikaje mpaka Kasongo?"

"Na reso, baba. Reso ikiwa nzuri, asubuhi zote zimefika. Mvua ikinyesha zinakawia."

"Ah, hapo nakuelewa," akasema kwa huruma, "ile barabara yetu!" (Nikaona ni mzee wa mafumbo, nikazidi kumupenda.) "Na nani anakupakulia?"

"Napakua mwenyewe, baba. Na kidole hiki kimoja."

Mzee akakishika kile kidole, akakigeuzageuza, akamwita dada yake, shangazi Zaina, aje naye akione. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na siye, utatugawia?"

"Baba, kugawa ndiyo raha yake! Nitawaletea zote, na kwangu hazitapunguka."

Wallahi mzee alifuta machozi. Akasema mbuzi tuache, vitenge tuache, mahari ni hizo zangu, siku nikizileta ninachukua bibi. Njiani baba mudogo akaniuliza hiyo blogu ni kitu gani, nikamwambia ni mambo ya kusoma. "Na wanaikubali pahali pa mbuzi?" Nikamwambia Wamaza wameendelea sana.

Siku ya mahari nilijaza telefone mpaka ikakataa kuongezewa, nikavaa kanzu nyeupe, nikajimwagia manukato, tukaenda. Karibu ya kufika nikaona njia imepanuliwa, majani yamefyekwa, na wanaume wamejipanga pande mbili, kila mumoja na nkata yake kichwani, tayari kubeba. Nikawapungia mkono! Tukafika kwa mzee. Nyumba hapana. Miti ya paa inasimama peke yake, ukuta wote umelala chini, kitanda kiko inje na kuku juu yake.

"Kamyo ya mizigo iko nyuma?" mzee akauliza.

"Kamyo ya nini, baba?"

"Ya huyo Reso!"

Nikatoa telefone. "Baba, zote ziko humu."

Mzee akaipokea, akaipima uzito, akaitikisa karibu na sikio. Shangazi Zaina akasogea: "Hii ni ya mufano, ao ndiyo yote?" Hapo mutu mumoja akacheka, kisha Wamaza nzima ikacheka, baba mudogo Amisi naye (ndugu ya damu!), na miye natamani ardhi ipasuke niingie na kanzu yangu. Mwajuma akatoka jikoni na unga mikononi, akaangalia telefone, akaangalia nyumba, akaniangalia. "Nilikuambia useme duka."

Mzee peke yake hakucheka. "Binti yangu hatoki mu nyumba isiyo na ukuta," akasema. "Vua kanzu."

Basi mahari yangu ikawa matofali ya udongo. Nachota maji, nakanyaga udongo, nafyatua, naanika, mvua inakuja inaharibu, naanza tena. Mwajuma, kwa kunihurumia, anakaa pembeni na kutusomea mama wa Goma kwa sauti. Mwanzoni mzee alitugeuzia mgongo. Siku moja nikasikia kutoka kwenye ule mgongo: "Rudia hapo kwa bwana." Tangu hapo nikienda Kasongo kupakua zingine ananingoja njiani, na haniulizi habari za nyumbani, ananiuliza kama Reso alifika.

Nimeapa: mbele ya mukwe, kitu nisichoweza kumushikisha mkononi sikitaji tena. Lakini kiapo kimechelewa. Juzi ukuta ulifika kwenye dirisha, nikaanza kuhesabu siku za harusi, mzee akaja na kamba yake, akapima, akasema umepinda. Haukupinda! Akausukuma na bega, ukaanguka. Mwajuma anasema baba yake anajua vizuri kwamba siku nyumba ikiisha, bibi na telefone vinaondoka pamoja.

Nikainama kuokota matofali yangu, karibu nilie. Mzee akavuta kiti, akakiweka juu ya kile kifusi, akakaa.

"Wacha udongo kwanza, mwanangu. Ule bwana wa Goma, ameamka?"