Chumba cha Unyevu cha Mstaafu

“Katika nyumba hii kila kiumbe kina raha yake isipokuwa mimi,” wifi alisema, amesimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni. “Nyoka ana sebule. Nyoka ana taa yake. Nyoka ana bakuli la kuogea. Sasa anajengewa na gesti. Bado gari tu na dereva.”

“Sogea kidogo, wifi, unanizibia mwanga,” Mama Ndoo alijibu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kapakata kontena la plastiki lenye mfuniko, analigeuzageuza kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

“Naongea na wewe.”

“Nakusikia. Hata jirani anakusikia.”

“Hilo ni kontena langu la unga.”

“Lilikuwa.”

Wifi akavuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayetaka aonekane anavuta pumzi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wa Mama Ndoo, na enzi zake alikuwa opereta wa simu, ndiyo maana sauti yake ikitoka jikoni inafika barabarani bila kuchoka. Alikuja na begi moja, kumliwaza mjane kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Wiki mbili zenyewe hakuna aliyezitaja tena, maana mjane naye alishazoea kupata mtu wa kubishana naye asubuhi.

Mama Ndoo jina lake ni la kazi. Miaka ishirini na kitu amekaa kwenye kona yake nyuma ya maduka ya vyombo, jiko la mkaa mbele, vyuma vitatu vya kuchomelea pembeni, anaziba ndoo, mabeseni na madumu yaliyopasuka. Chuma kikishika moto kinayeyusha kipande cha ndoo iliyokufa, na kipande hicho kinaishonea ndoo iliyo mahututi. Gundi hatumii. Ukimtajia gundi anakutazama kama umemtukania mzazi. Na ndoo ikishazibwa haondoki nayo mtu hivihivi. Anaijaza maji hadi mdomoni, anaiweka juu ya kipande cha boksi kikavu, halafu anakuuliza habari za nyumbani. Ukimaliza kusimulia anainyanyua. Boksi likiwa kavu, chukua ndoo yako uende. Likiwa na doa la maji hata kama la ukucha, anaanza upya na wewe unaanza upya habari za nyumbani.

Sasa nyoka. Nyoka alikuwa wa marehemu. Marehemu alikuwa mtunza stoo wa shule, na mwalimu mmoja wa sayansi alipohama aliacha kitoto cha chatu ndani ya boksi la kioo, chembamba kama kamba ya kiatu, na kila aliyeombwa kukichukua alikumbuka ghafla ana kazi mahali. Marehemu akakibeba nyumbani ndani ya koti. Ni chatu wa ile aina fupi, hana sumu, na ukimshika anajiviringa kama mpira na kuficha kichwa. Alikua hadi akawa mnene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Mama Ndoo ndiye aliyempa jina la Mstaafu, kwa sababu anakula mara moja kwa wiki mbili na muda uliobaki amekaa pembeni kama mzee anayesubiri chai.

Marehemu kila jioni alikuwa na kichupa cha kupuliza, anampulizia maji kidogo kwenye boksi lake, huku anamsimulia mambo ya stoo. Mke alidhani ni mchezo. Hakujua kama ni kazi. Alipofariki, kichupa kikaenda kupulizia nguo za kupiga pasi, na Mstaafu alipojivua gamba lilitoka vipandevipande, kama rangi ya ukuta wa zamani. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi. Pete ya gamba kuukuu ilibaki imembana ncha ya mkia, na daktari wa mifugo akahangaika nayo nusu saa, analainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu bila kuvuta.

“Ukivuta kwa nguvu unamchuna,” alisema. “Na ikibana tena tukachelewa, damu haipiti, ncha inakufa.”

Wifi alikuwepo. Akaona ndiyo nafasi. Kulikuwa na bwana mmoja anayefuga nyoka na kuwaonyesha wanafunzi mashuleni, alishamwulizia Mstaafu mara mbili. “Gamba likitoka vipande mara ya tatu,” wifi akasema, “Mstaafu aende kwa huyo bwana anayejua nyoka. Kumpenda mnyama siyo kumtesa.” Na Mama Ndoo, ambaye hana kawaida ya kukubaliana na wifi hata kuhusu mvua, akatikisa kichwa kukubali. Aliona ni kweli. Kama hamuwezi, hamuwezi. Lakini katika vitu vyote vya marehemu, hakuna kingine kilichobaki kinapumua.

Jumatatu hiyo ya ubishi wa kontena, basi, Mstaafu alikuwa ameamka na ukungu machoni, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Dalili yenyewe ya kutaka kujivua gamba. Mama Ndoo akatembea hadi kwa daktari, na daktari, ambaye siku nzima anaona ng'ombe na mbwa, akafurahi kupata habari za nyoka.

“Mtengenezee maficho yenye unyevu,” akamwambia, anachora nyuma ya karatasi ya dawa. “Kontena la plastiki lenye mfuniko, tundu la kupita, tishu za jikoni zilizolowa kidogo ndani. Weka upande wenye joto wa boksi lake. Na wewe fundi plastiki, mama, sina cha kukufundisha.”

Alikuwa na cha kumfundisha, tena kingi, na aliendelea kukisema. Ila Mama Ndoo alishasikia “plastiki” na “fundi”, masikio yakajifunga kwa raha.

Kesho yake kazini ikawa sinema. Mkono uliozoea kuziba ulipewa kazi ya kutoboa. Chuma kikashika moto, akakipeleka ubavuni mwa kontena, na mkono ukasita wenyewe.

“Leo Mama Ndoo anatoboa,” muuza masufuria wa jirani akatangaza. “Biashara imeharibika, anajitengenezea wateja.”

“Wewe uza masufuria yako.”

Tundu la kwanza lilikuwa dogo mno, la aibu, panya angepita kwa kuomba. Alikuwa amempima Mstaafu kwa uzi pale alipo mnene kuliko kote, na uzi ulikuwa mfukoni, lakini mkono haukutaka kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kutoboa plastiki nzima kiasi hicho. Akalipanua. Akapima na uzi, akaongeza na upana wa vidole viwili ili mnyama asikwame. Halafu akapitisha mgongo wa chuma pembeni taratibu, kuua kila ncha. Kwa kuhakikisha, akatoa soksi ndefu ya nailoni akaivuta kupitia tundu, maana nailoni inanasa kwenye ncha ambayo kidole hakiisikii. Ikanasa. Akalainisha tena. Ikanasa tena kidogo, ikachanika hadi kwenye goti. Mara ya tatu ikateleza kama maji.

Soksi ilikuwa ya wifi.

“Nilikuuliza asubuhi,” Mama Ndoo alijitetea jioni.

“Uliuliza kama naivaa leo.”

“Na ukasema huivai.”

Kontena likaoshwa kwa sabuni, likasuuzwa mara tatu, likashinda dirishani siku nzima ili harufu ya plastiki iliyoungua iishe. Hadi hapo kazi ilikuwa safi. Ubaya ulianza alipokaa nalo jikoni Jumatano jioni, akaweka tishu, na mkono wake bila kumwuliza ukalijaza maji hadi chini kidogo ya tundu, ukaliweka juu ya kipande cha boksi kikavu. Akangoja. Boksi halikulowa. Akaridhika. Halafu, kwa kuwa mfuniko ulikuwa unacheza kidogo na yeye kitu kinachocheza hawezi kulala nacho, akapasha chuma kwenye jiko la nyumbani akauchomelea kuzunguka kote. Akaliweka kwa Mstaafu, upande wa joto, limejaa, limefungwa kama benki.

Alhamisi asubuhi maficho yalikuwa yananuka kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika. Mstaafu alikuwa upande wa pili kabisa, tumbo limelowa, amejikunja na kulipa kontena mgongo.

“Hata mwenyewe kakataa,” wifi alisema. “Mimi nimesema nini?”

Mama Ndoo akampigia daktari simu, akaweka spika. Akaeleza. Daktari akacheka hadi akakohoa.

“Mama, umemchimbia kisima. Mimi nilisema unyevu. Nyoka akilala kwenye maji siku tatu, ngozi ya tumbo inaanza kuoza. Tishu ziwe kama kitambaa ulichokikamua hadi hakidondoshi. Na mfuniko ufunguke, tishu zibadilishwe kila siku. Na hewa iingie, toboa matundu madogo juu.”

“Matundu mengine?”

“Matundu mengine. Halafu niambie, hapo sebuleni kuna feni?”

Mama Ndoo akaitazama feni. Ilikuwa ya wifi, imesimama pembeni ya boksi la kioo, inapuliza kuanzia asubuhi, kwa sababu wifi husikia joto kuliko watu wote duniani. Upepo wote ulikuwa unapitia wavu wa juu wa boksi, unakausha hadi bakuli la maji.

“Ipo,” akasema. Na wifi alikuwa amesimama palepale, akasikia swali na jibu. Mama Ndoo akakata simu, akalitoa kontena.

Alilirudisha kazini likiwa bado limefungwa. Kufungua alichokichomelea mwenyewe kulimuuma kuliko alivyotegemea. Kilikuwa kiungo kizuri, kiungo cha kumwonyesha mtu. Akakikata pole pole kwa kisu cha moto kuzunguka mfuniko, muuza masufuria akimtazama kwa heshima, kama mtu kwenye msiba. Akalainisha kingo. Halafu akatoboa juu matundu kumi madogo, kwa msumari uliopashwa moto, na kila tundu akavuta pumzi. Akaosha, akaanika juani hadi harufu ikaisha. Wateja wawili walirudishwa siku hiyo na ndoo zao zinavuja.

Jioni akachukua tishu, akazilowesha, akakamua. Akakamua tena. Ana mikono ya chuma, akakamua hadi tone la mwisho likakata tamaa. Akazibana kiganjani, hakuna kilichodondoka, lakini ubaridi ulibaki. Akazitandika ndani, akafunika bila kubana, akaliingiza upande wa joto. Kisha akageuka kuzima feni ili asigombane nayo kesho.

Feni ilikuwa inatazama ukuta. Wifi alikuwa kwenye kochi, jasho shingoni, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

“Ilikuwa inapiga kelele upande ule,” alisema kabla hajaulizwa.

Mama Ndoo akakaa kwenye kochi la pili. Hawakuongea habari za nyoka. Waliongea habari za bei ya mkaa na mwanamke wa nyumba ya tatu anayefua usiku, na kati ya maneno kila mmoja aliangalia kwenye kioo akidhani mwenzake hamwoni.

Mstaafu akatoa ulimi. Akapita kando ya bakuli, akalifikia tundu, akaingiza kichwa, akatulia kama mtu anayesoma masharti ya kupanga chumba. Halafu akaingia, kidogo kidogo, hadi ncha ya mkia. Mkia wenyewe ulipita kwenye tundu bila kugusa pembeni.

“Kaingia,” wifi alisema.

“Nimeona.”

Ijumaa ukungu machoni ukaisha, macho yakarudi meusi. Asiyejua nyoka angedhani kashamaliza, lakini daktari alishasema ndiyo dalili ya kwamba bado siku chache. Tishu zikabadilishwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kila asubuhi Mama Ndoo alifungua mfuniko, akamkuta amejikunja ndani, akabadilisha bila kumsumbua, akafunga. Akaenda kuziba ndoo za watu na akili yake ikiwa imebaki sebuleni, hadi mteja mmoja akamwambia ameziba upande usiopasuka. Bwana wa nyoka wa mashuleni alipiga simu Jumatatu kuuliza hali. Wifi ndiye aliyepokea. “Bado,” alimwambia, na akakata, na Mama Ndoo akashangaa kwa nini sauti ile ya opereta haikuongeza hata neno moja.

Jumanne asubuhi Mstaafu alikuwa nje ya maficho, juu ya jiwe lake, anang'aa kama kiatu kipya. Na mbele ya tundu, nusu ndani nusu nje, kulikuwa na gamba.

Mama Ndoo hakulivuta. Alilinyanyua kwa mikono miwili kama anayebeba moshi, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Lilikuwa limegeuka ndani nje, refu kuliko mwenyewe, jembamba hadi unaona vidole vyako upande wa pili. Wifi akaja na miwani yake, akaivaa, akainama.

“Mkia.”

Mama Ndoo akaonyesha mkia. Ulikuwepo, hadi ncha, umechongoka kama penseli.

“Macho. Daktari alisema macho.”

Magamba ya macho yalikuwepo, vioo viwili vidogo vya mviringo, kila kimoja mahali pake. Wifi akaliangalia lote upya kutoka kichwani, polepole, akitafuta mpasuko hata wa dawa. Hakuupata. Akavua miwani.

“Haya,” alisema. “Limetoka zima.”

“Limetoka zima.”

Mama Ndoo akalikunja kwenye gazeti, akaliweka juu ya kabati, pale palipokuwa na redio ya marehemu. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua vyuma vyake vitatu na mfuko wa vipande. Jua lilikuwa limeshapanda na kazini kulikuwa na ndoo sita zinamsubiri, mojawapo ile ya upande usiopasuka.

Wifi alikuwa bado amesimama mbele ya kioo. Mstaafu alikuwa anamtazama, au anatazama upande ule, nyoka huwezi kujua.

“Kwani wifi,” aliuliza, safari hii kwa sauti ya kawaida ya mtu, “hawa wanaishi miaka mingapi?”

Mama Ndoo alijua. Marehemu alishamwambia wakiwa kitandani, siku ya pili tu tangu kile kitoto kiingie nyumbani: thelathini, akitunzwa vizuri. Na huyu hajafika kumi.

Akatazama saa ya ukutani, akachomeka miguu kwenye ndala, akatoka.