Mbawakawa Niliyemtangaza Kipofu

Kazi yangu ni kutambua wadudu kwenye jumba la makumbusho. Nimeifanya mpaka nywele zimeniaga, na sijapata kumpa jina mdudu hata mmoja. Kila ninayemshika, mtu mwingine alishanitangulia kumpa jina. Nilitamani mmoja tu kabla ya kustaafu, maana nilimwahidi mke wangu kwamba akipatikana ataitwa kwa jina lake.

Basi wachunguzi wa mapango wakaniletea kichupa cha mbawakawa weusi waliookotwa pangoni, kwenye kinyesi cha popo. Nikambandika mmoja kwa gundi juu ya kikadi, kama tufanyavyo siku zote. Gundi ilipokauka nikainamia hadubini. Hakuwa na macho! Mdudu wa gizani macho ya nini? Na wa aina hii asiye na macho hajapata kupewa jina. Sikungoja kuwatazama wenzake, nikampigia simu mke wangu.

"Kipofu?" akauliza. "Jina langu unampa kipofu?"

"Kipofu wa pekee duniani, mke wangu."

"Haya. Ngoja niwaambie dada zangu."

Akawaambia dada zake, mawifi, na muuza mkaa.

Kesho yake nikamwandaa mbawakawa wangu kupigwa picha. Kichwa kilikuwa kinang'aa kupita kiasi, nikakiosha kwa brashi na maji ya uvuguvugu. Gundi ikabanduka, na chini yake yakatokea macho mawili mazima, yananikodolea. Mtaalamu mzima, nimempaka mdudu gundi usoni halafu nikamtangaza kipofu! Nilipomkagua upya kwa utulivu, nikamjua. Ni yule anayeishi kwenye kinyesi cha popo, na akikosa popo huhamia kwenye maranda ya banda la kuku. Kila Jumamosi humkanyaga kwa ndara nikifagia banda letu.

Aibu niliimeza. Kilichoniuma ni kwamba mke wangu alikuwa amefurahi kweli.

Nilimkuta bandani, nikamweleza yote. Akachota maranda kiganjani, akawatazama wale weusi wakihangaika.

"Hawa hawa?"

"Hawa hawa."

"Na dada zangu wanakuja Jumapili kumwona."

Akawamwagia kuku yale maranda.

"Kuleni jina langu, wanangu," akasema. "Mwezi ujao baba yenu anastaafu, atakuwa anawaokotea mwenyewe."