Karai Kichwani, Mguu Mmoja Chini

Ninyi mnaotembea mkishika ukuta, nisikilizeni mimi Mama Achieng wa Nyalenda.

Miaka mingi nilibeba karai la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani hadi soko la Kibuye bila kulishika kwa mkono. Nilijivunia sana, nakiri. Asubuhi moja nikaamka, nyumba ikazunguka. Nikatapika maji ya njano mpaka mbavu zikauma. Nikasema ni malaria, nikameza dawa za dukani, nikajitwika karai langu nikatoka.

Kutoka kwangu hadi barabarani unavuka mtaro juu ya ubao mmoja. Nilipofika katikati, ubao ukapinda machoni pangu. Nikaanguka mtaroni na omena yote. Nilijikojolea. Nikamsikia Baba Otis, anayeuza mandazi pale ng'ambo, akiuliza, "Huyu mama amekunywa saa hii?" Mimi, mtu wa kwaya!

Hospitalini daktari alitazama macho yangu yakirukaruka. "Mama, hii si malaria. Sikio la ndani limeugua, na hapo ndipo mwili unapopata usawa wake."

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitalini akanionyesha la kufanya: simama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili kwenye shavu la mguu, kamwe si kwenye goti, mikono kifuani, macho kwa kitu kisichosonga. "Hii ni ya yoga. Tunaita mti."

"Mti? Mimi hata kijiti siwezi," nikamwambia.

Nyumbani nilijaribu kando ya ukuta, binti yangu Achieng akihesabu. Moja, mbili, chini. Moja, chini. Kifundo kilitetemeka, kichefuchefu kikanipanda kooni. Wiki ya tatu, bado mbili. Mume wangu akasema kwa upole, "Wacha ile meza yako ya kuuzia omena Kibuye tumpatie mtu." Upole huo uliniuma kuliko kuanguka.

Kwa hasira nikachukua karai tupu, nikaliweka kichwani.

"Mama, toa hiyo karai! Utaanguka!"

"Hesabu."

Nikainua mguu. Shingo ikanyooka yenyewe, mabega yakashuka, macho yakakamata msumari mlangoni. Tano. Nane. Achieng akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Kumi na saba. Niliogopa hata kumeza mate. Ishirini!

Baada ya mwezi nilirudi kwenye ule ubao, karai limejaa. Katikati kizunguzungu kikaja. Nikabaki mguu mmoja hewani. Nikakodolea macho bati jekundu la kibanda cha Baba Otis, nikahesabu mpaka dunia ikatulia. Nikavuka.

Namshukuru Mungu, yule dada, na mwanangu. Nyumba ikikuzunguka, usijitibu kwa kukisia kama mimi, nenda upimwe. Na ukijaribu kusimama, ukuta uwe karibu na mtu awe kando yako.

Siku hiyo ya kuvuka, Baba Otis alitoka kibandani. Alininyooshea mandazi mawili. Nikayapokea kwa mikono yote miwili, karai likiwa kichwani.