Ushahidi wa Vita

Karani wa koperative ya mikopo ya Masisi ana sauti ya pole kama ya anayesali rozari, na kila anapoelezwa jambo hupuliza ncha ya kalamu kama anayepoza uji. Leo tena Kanyere, muuza vitenge, alimwomba aongeze maelezo kwenye fishi yake, kadi ya mkopo, kando ya maneno "halipi kwa wakati".

"Siku ile nilileta makuta ya kulipa deni, Papa. Nilikuta mumefunga, mumekimbia vita."

"Preuve, Mama? Ushahidi iko wapi?"

"Si wewe mwenyewe njo ulikimbia!"

Akapuliza kalamu. Ghafla risasi zikalia mlimani. Karani huyo chini ya meza, amekumbatia muhuri. Zilipotulia akatoka, akapangusa magoti, akaketi.

"Mama, bado nangojea. Ushahidi ya vita iko wapi?"