Kona Alizoahidi Kunifundisha Shabani

Msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, malori hupita mjini Tabora yakiwa yamesheheni marobota, na harufu yake hubaki barabarani muda mrefu baada ya vumbi kutulia. Jirani yangu husimama mlangoni akaivuta kwa raha zake. Anasema inanukia asali mbichi. Simlaumu. Mimi hufunga madirisha. Wanangu wanadhani harufu ile inanidhuru kifua, nami nimewaacha waamini hivyo, maana kueleza ukweli kungenilazimu nianze mbali, kwenye kitabu cha kujifunzia kuchora.

Kitabu hicho kililetwa nyumbani na kaka yangu Shabani. Yeye alikuwa darasa la sita, mimi la nne, na mtaa mzima ulishajua kwamba mkono wake si wa kawaida. Muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza turubai karibu na soko alimwomba amwandikie neno VITABU kwenye ubao. Shabani akaliandika kwa rangi nyekundu, kwa uzuri ambao hata wasiojua kusoma walisimama kulitazama. Alipoambiwa achague ujira wake, hakugusa vitabu vya hadithi. Alichomoa kutoka chini kabisa kitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza, kinachofundisha namna ya kuchora vitu vya mbali vikaonekana viko mbali kweli.

Kiingereza chetu kilitosha kumwitikia mwalimu asubuhi na kukaa chini, basi. Kwa hiyo tulisoma picha na mishale. Nyumba za kitabuni zilikuwa na kitu cheupe kimelala juu ya mapaa, na mimi, ambaye nilikuwa na wajomba Nzega wanaolima pamba, nilitoa uamuzi kwamba hiyo ni pamba: Wazungu wanaianika juu ili isiliwe na mbuzi. Shabani aliafiki. Tulichora nyumba zenye pamba mapaani kwa miezi mingi, na hakuna aliyetukosoa.

Siri ya kitabu ilikuwa nukta moja. Kingo za barabara, mapaa, vizingiti, vyote vilikimbilia kwenye nukta hiyo vikaishia hapo. Rula yetu ilikuwa kipande tu, haikufika popote, kwa hiyo Shabani akabuni njia yake. Alibandika karatasi kwenye ubao, akagonga msumari mdogo penye nukta, akafunga uzi wa cherehani. Mimi niliuvuta uzi ukakaza, yeye akapitisha penseli kando yake taratibu, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani, na alipoona uzi wake unapungua aliuliza kama siku hizi tunaula.

“Mnajenga mji mzima kwa uzi wangu,” alisema, “na mimi hamjanipa hata chumba.”

Shabani akamchorea chumba kipana chenye cherehani mbili na dirisha kubwa. Mama alikibandika ukutani kwa uji wa muhogo, na wateja walipokuja kupimwa alihakikisha wanakaa upande wa kukiona.

Nakumbuka siku tulipomaliza picha ya mtaa wetu. Nilipitisha kiganja juu ya karatasi kuhakikisha kwamba ni bapa, kwa sababu macho yangu yalikataa. Mtaa ulikuwa umeingia ndani, ukaenda zake hadi mwisho, na mlangoni kwetu palikuwa na mtu mdogo ambaye Shabani aliniambia ni mimi. Sijawahi tena kufurahi namna ile kwa kitu kilichochorwa.

Sehemu ya pili ya kitabu ilihusu kona: nyumba isiyokutazama usoni, bali inayokuelekezea pembe yake, ukaona kuta mbili kwa pamoja. Hiyo ilidai nukta mbili, na mara nyingi nukta zenyewe zilikuwa nje ya karatasi. Shabani alilaza ubao sakafuni, akagonga msumari mmoja kwenye fremu ya mlango na mwingine kwenye mguu wa kitanda, akavuta nyuzi chumba kizima hata mama akajikwaa. Yeye alikuwa amekwisha kuelewa. Mimi bado.

Kabla hajanifundisha, baba akaja. Baba alikuwa amehamia Usinge, kwenye reli ya Kigoma, kulima tumbaku, akaoa huko, na talaka ya mama aliituma kwa mjumbe. Safari hii alikuja mwenyewe, akakataa kiti, akasema amemfuata mwanawe.

“Mtoto wa kiume ni wa baba,” alisema. “Wa kike baki naye.”

Alinitaja bila kunitazama. Mama aliuliza habari za shule.

“Usinge nako kuna shule. Tena ni msimu mmoja tu, nikishasimama namrudisha.”

“Ahadi ni deni, baba Shabani.”

“Nimeshasema.”

Wakati mama anafunga nguo zake, Shabani alichukua wembe, akakaa mkekani, akakipasua kitabu kwenye uti wake. Nusu ya mwanzo akanipa mimi. Nusu ya kona akaiweka chini ya shati.

“Hii nitaisoma niimalize kabisa,” aliniambia. “Nikija likizo ya Desemba nakufundisha. Usiguse kona mpaka nije, Zuhura. Utajifunza vibaya.”

Nami sikugusa. Likizo ya Desemba ilifika, kila garimoshi kutoka upande wa Kigoma lilipopiga honi nilikimbia barazani, na mama alishona bila kuinua kichwa. Ilifika habari kwamba ni wakati wa kupanda, hataweza. Shuleni niliendelea kuchora nyumba zilizotazama mbele tu, hata mwalimu akaniuliza mbona nyumba zangu zote zimesimama kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nilimjibu kwamba kona ninafundishwa na kaka yangu.

Likizo fupi ya masika, shangazi, dada yake baba, alinichukua tukaenda Usinge. Nilibeba nusu yangu ya kitabu, penseli mbili na uzi. Tulimkuta Shabani kwenye bani, kile kibanda kirefu cha tofali kisicho na madirisha ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto usiozimwa. Alikuwa anasukuma magogo kwenye tanuru. Alikuwa amerefuka, macho mekundu, viganja vimeganda utomvu mweusi wa majani. Alimsalimia shangazi kwa Kinyamwezi, mimi akanipa mkono kama mgeni.

Nilimuuliza shule iko wapi. Alinionyesha kwa kidevu upande fulani, bila kuacha kazi.

Tulipokwisha kula, baba alitoa kifuko cha tumbaku, akafungua kopo akachukua kipande cha karatasi. Juu ya karatasi ile niliona pembe ya nyumba. Niliona mistari miwili ikiachana, mmoja kuume, mwingine kushoto, na kipande cha paa lenye pamba. Baba aliviringisha, akalamba ukingo, akawasha. Niliitazama nyumba ikiungua kuelekea mdomoni mwake mpaka ikaisha.

“Umempa wewe?” nilimuuliza Shabani tulipobaki wawili.

“Nimempa. Ni karatasi laini, haikwangui koo.”

“Na mimi je? Nilikungoja!”

“Hukutakiwa kungoja,” alisema, akarudi kwenye moto wake.

Nilimchukia. Niliondoka kesho yake bila kumuaga, na kwenye garimoshi nilimwambia shangazi kwamba sina kaka. Shangazi alinivuta kichwa akakilaza mapajani mwake. Mama aliponiuliza habari za huko nilisema Shabani hajambo, amenenepa. Sijui kwa nini nilichagua uongo huo.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Nilifaulu, nikafika chuo cha ufundi, na huko mwalimu akatufundisha kona asubuhi moja kabla ya mapumziko ya chai. Nukta mbili, rula, basi. Nilielewa hapo hapo. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya karakana nikilia kwa hasira, kwa kuwa nilikuwa nimeingoja elimu ile tangu utoto, nayo ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

Miaka mingi baadaye, tukichambua mchele kwa ajili ya arobaini ya mama, ndipo shangazi aliponieleza. Wiki moja kabla ya safari yetu ile, Shabani alimuuliza baba atamrudisha lini Tabora, kwa kuwa msimu ule mmoja ulikuwa unakaribia kwisha. Baba alimjibu kwamba asimuulize tena, shamba linapanuliwa, hakuna kurudi. Mke wa baba ndiye aliyemsimulia shangazi yaliyofuata. Mtoto aliingia ndani, akatoka na kitabu, akamwekea baba yake mapajani, akasema, “Karatasi hizi, baba.” Baba alishukuru. Alifurahi kupata mtoto anayemjali.

Nilikuwa nimekaa miaka yote nikiamini kwamba Shabani alikitupa kitabu chetu. Kumbe alikuwa ametupwa yeye, naye akaona kitabu hakina kazi tena. Baba alikuwa ameshakufa, sikuwa na wa kumwambia.

Leo mimi ni mchora ramani za nyumba hapa hapa Tabora. Watu humsifu marehemu mama kwamba alisomesha mtoto wa kike wakati wengine wakiwaoza. Mwaka jana Shabani alikuja kutibiwa kifua, akakaa kwangu. Mezani kulikuwa na nyumba ya mteja, nimeichora kwa kona, na jirani yangu aliyekuja kumjulia hali akaisifia sana.

“Na wewe, kaka, unachora? Maana vipaji hivi huwa ni vya damu.”

Shabani akacheka mpaka akakohoa.

“Mimi? Sijawahi kushika penseli, jirani. Mwenye mkono wake ni huyu, tangu mdogo.”

Nilifungua mdomo nimkatalie. Akanitazama, na jinsi alivyonitazama alikuwa ananiomba ninyamaze. Nikaenda kumletea maji ya dawa.

Mama hakuchagua kunisomesha mimi badala ya Shabani, na wala mimi sikuwa bora. Baba alikuja kuchukua mikono miwili ya kazi, akatupima sote, akachukua ile iliyofaa. Mimi nilisoma kwa sababu sikuhitajika.