Wifi kasema nimechanganyikiwa

Leo nimeitwa kichaa nyumbani kwangu, hapa hapa Katubuka, Kigoma!

Nimekaa zangu mkekani, nachanganya tumbaku ya kiko. Kali ya Ilagala, laini ya Kasulu, na asali kidogo.

Wifi yangu huyo, katoka Mwamgongo kwa boti. Hata hodi hakupiga.

"Mwanamke na kiko? Wewe umechanganyikiwa!"

Kwa sauti, ili majirani wasikie.

Mara mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, akatoka chumbani, kiko mkononi.

"Mkwe wangu, ya jana asali ilizidi. Leo punguza."

Wifi akaomba maji ya kunywa 😂

Nyie mngemjibuje?

Mimi nilimpa maji, nikamwambia:

"Wifi, sijachanganyikiwa. Nachanganya."